Mnaofuatilia ukoo wa Wamarekani Weusi, mlivukaje 1870? Tupeane uzoefu

Wadau, salaam. Nimeolewa na Mmarekani Mweusi, kwao South Carolina, na mama mkwe kaniomba nimsaidie kuwatafuta wazee wa ukoo wake. Walioanza kazi hii wanajua: sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wale waliotoka utumwani. Orodha za watumwa za 1850 na 1860 zina jina la bwana mwenye watumwa tu, chini yake umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa. Mwanamke, 23, mweusi. Basi. Na huyo pengine ndiye unayemtafuta.

Sisi tulivukia benki. Freedman's Savings Bank ilianzishwa 1865 kwa ajili ya walioachwa huru, ikafa 1874 na wengi wakapoteza akiba zao, zote au sehemu. Lakini ili kumtambua mteja, karani alimuuliza: umezaliwa wapi, mama yako nani, baba, ndugu zako? Katika daftari la Charleston tukamkuta babu yao kataja mama na dada zake, na mmoja kaandikiwa kuwa aliuzwa. Mama mkwe aliyasoma majina yale kwa sauti, moja moja, kisha akaniomba nimsomee tena. Wenye njia nyingine karibuni.

Mdau wa Houston: Kwetu ilikuwa pensheni ya mjane. Babu wa kale wa mume wangu alipigana upande wa Kaskazini, vikosi vya weusi, katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani (1861-1865). Mkewe hakuwa na cheti cha ndoa, ikabidi alete mashahidi waape: tulikuwa shamba moja, bwana wetu fulani, walipooana tuliwaona. Mafaili hayo yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Washington. Hakuna karatasi iliyotupa habari nyingi kama ile.

Mdau wa Raleigh: Msiamini sana jina la ukoo, wengi hawakuchukua la bwana wa mwisho. Kwenye sensa ya 1870 angalieni majirani. Thamani ya ardhi imeandikwa, kwa hiyo Mzungu mwenye shamba kubwa hapo jirani ndiye wa kuanza naye, huenda ndiye aliyekuwa bwana wao. Tafuteni wosia na mirathi yake. Ila jipeni moyo kwanza. Mke wangu alimkuta bibi wa bibi yake katikati ya ng'ombe na vitanda, na bei mbele ya jina. Siku ile hatukuendelea.

Mdau wa Minneapolis: Shemeji alipima DNA, akapata Nigeria, Kameruni na Kongo, akaniuliza mbona Tanzania haimo. Nikamweleza kuwa wengi walitolewa magharibi na kati ya Afrika. Wa Msumbiji na Madagaska walikuwepo, ila wachache. Kilichomfaa zaidi ni orodha ya ndugu wa damu iliyokuja na kipimo hicho: binamu wa mbali aliyeko Louisiana anayo Biblia ya familia yenye tarehe za kuzaliwa.

Mleta mada: Nawashukuru sana. Mdau wa Raleigh, wosia ule mliupata mahakama ya kaunti?

Mdau wa Raleigh: Hapana, za North Carolina nyingi zipo Hifadhi ya Nyaraka ya Jimbo hapa mjini. Kwenu South Carolina anzia hifadhi ya nyaraka ya Columbia, mji mkuu wa jimbo, na FamilySearch, tovuti ya kutafuta ukoo, uipitie kabla ya kusafiri, ni bure.