Supu ya asubuhi imebadilika mgahawani kwangu, nimwambie mwenyewe au nihame kimya kimya?

Binti_Magomeni:
Wakuu habari za asubuhi. Naombeni ushauri, na naomba msilichukulie poa maana kwangu hapa ndo mlo wa uhakika wa siku, mchana nakuwa barabarani na kazi napitisha na soda na mkate basi, nikikosea asubuhi siku nzima imeharibika.

Kuna mgahawa maeneo ya Magomeni, wa kawaida tu, meza za plastiki, feni moja ukutani, mkaanga chapati anasimama nje mlangoni na kikaango chake ukipita lazima harufu ikuvute. Nashuka mwendokasi saa kumi na mbili na nusu hivi naingia. Mwaka wa tatu huu. Oda yangu haibadiliki, supu ya ng'ombe, chapati mbili, chai ya rangi ya tangawizi. Ilifika mahali nikikaa tu mhudumu ananiletea ndimu iliyokatwa na pilipili mbichi kabla sijafungua mdomo. Na ile supu jamani, mchuzi mweupe umetulia, mafuta yanaelea kidogo tu juu, ukikamua ndimu harufu ya kitunguu swaumu na pilipili manga inapanda, nyama ukiigusa na kijiko inaachia mfupa yenyewe.

Sasa yapata miezi miwili mambo sio yale. Mchuzi umekuwa wa njano, chumvi inakwaruza koo, nyama unavutana nayo mpaka taya zinauma. Chapati unaletewa za jana zimepashwa, ukikunja inavunjika kama biskuti. Nikavumilia. Jumatano iliyopita ndo nimeumia kabisa, supu elfu tatu, chapati mbili buku, chai mia tano, jumla elfu nne na mia tano, nimetoa noti ya elfu kumi mhudumu kaniambia subiri chenji inakuja, nimekaa dakika ishirini haji, nikaona nachelewa nikaondoka, kesho yake namuuliza ananiangalia kama hanijui. Huyu huyu anayejua mpaka mie sinywi chai na sukari.

Mwenye mgahawa ni mama mtu mzima, zamani alikuwa anakaa kaunta mwenyewe na akiniona ananiuliza mwanangu umeamkaje, siku hizi simuoni. Naona aibu kumfuata mtu mzima kumwambia supu yako mbaya. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

Mpenda_Kongoro:
Pole dada. Mimi naanza na hiyo elfu tano na mia tano kwanza. Mgahawa wowote wenye msongamano wa asubuhi usimpe mhudumu noti kubwa mkononi, nyanyuka uende kaunta ulipe pale pale au lipa kwa simu, maana mhudumu ana meza sita na kila mtu anadai chenji na kaunta nayo haina chenji asubuhi ile. Ila kukukana kesho yake hiyo imenikera sana, hapo ungemuita msimamizi saa hiyo hiyo.

Kuhusu kuhama, mimi ningehama. Supu Dar hii unakosaje?

Jiko_la_Nyuma:
Binti nimesoma nimesikitika kwa sababu nimepika supu miaka saba na dalili zote ulizotaja nazijua, hebu nikueleze kinachotokea huko nyuma. Supu ya kuuza saa kumi na mbili inabandikwa saa nane au saa tisa usiku, mifupa inatangulia na maji mengi, moto wa wastani, unakaa unaengua lile povu mpaka liishe, ukilizembea povu mchuzi unakuwa mchafu na hauji kuwa mweupe tena hata ufanye nini. Nyama inafuata, kitunguu swaumu, tangawizi, pilipili manga. CHUMVI MWISHO. Hapa ndo wapishi wengi wapya wanapoharibu, anatia chumvi saa tisa usiku, sufuria inachemka masaa matatu maji yanapungua chumvi inabaki ile ile, kufika saa moja imekuwa kali, anashtuka anaongeza maji, sasa ladha imepotea, anamwagia viungo vya pakiti kurudisha ladha, navyo vina chumvi yake na rangi ya njano. Ndo hiyo njano yako. Na nyama kuwa ngumu maana yake mtu kachelewa kuamka kabandika saa kumi na moja, hakuna muujiza hapo, ng'ombe mzee hawezi kuiva kwa saa moja.

Kwahiyo mimi nakwambia pale mpishi amebadilika. Mpishi mmoja tu akiondoka mgahawa wote unaondoka naye, mwenye mali anaweza asijue kwa sababu yeye mwenyewe hanywi supu ya kuuza. Mwambie.

Na chapati ya jana unaitambua hivi, ichane katikati, ya leo tabaka zinaachana laini na mvuke unatoka ndani, ya jana kingo ngumu halafu katikati imeshikana kama karatasi iliyolowa. Una haki ya kuirudisha kabla hujaitia kwenye mchuzi.

Zamu_ya_Alfajiri:
Naomba niseme upande wa wahudumu maana mimi nilikuwa mhudumu kabla sijapata kazi ninayofanya sasa. Sitetei kukana hela ya mteja, huo ni wizi hata iwe mia mbili. Ila watu wajue pale analipwa posho ya siku, ameamka saa tisa kutoka mbali huko, na mteja akila akatoroka bili ile anakatwa yeye. Niliwahi kumaliza siku nzima nimesimama nimekatwa supu mbili na chapati nne za watu waliotokomea, nikarudi nyumbani na nauli tu. Mhudumu akishafika hapo anaanza kufidia kwa wateja wengine, na anachagua wale wapole wasiogomba. Wewe dada inaonekana mpole.

Mwambie mwenyewe, lakini usiseme mbele ya wateja. Mpigie au msubiri kaunta pakitulia, kama saa tatu hivi.

Nyota_ya_Shamba:
Mie sikubaliani na kubembeleza. Chumvi na chapati za jana sawa, lakini angalia na pa kunawia, kama ndoo haina maji na sabuni imeisha wiki nzima jua jikoni ni hivyo hivyo. Watu wanaoshika chakula wanatakiwa wapimwe afya, na bwana afya akipita ndo utaona vitambaa vyeupe vinatoka kabatini. Pesa ni yako, tumbo ni lako. Hama.

Mahamri_na_Mbaazi:
Dadangu mimi niko huku Mombasa na sisi chai yetu ya asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, lakini yaliyokupata yalinipata vile vile. Kuna hoteli mtaani kwetu nilikuwa naenda tangu nasoma, mahamri yao yana iliki ya kweli, yamefura ndani ni wazi kama mfuko, unayachana unachotea mbaazi. Siku moja mbaazi zikaja na harufu ya kuungua, tui limeshika chini ya sufuria. Kila mtu pale alikula akanyamaza. Mimi nikaenda kwa mwenye hoteli nikamwambia kwa sauti ya chini, ami, mbaazi za leo zimeungua. Yule mzee hakunijibu neno. Akachota kidogo kwa kijiko, akaonja, akafunika sufuria, akawaambia vijana leo hakuna mbaazi watu wapeni maharagwe, na waliokwisha kula wasilipe. Mpaka leo naenda pale. Kama si kumwambia angeuza sufuria nzima na angepoteza watu bila kujua kwa nini.

Mtu mzima haoni aibu kuambiwa ukweli kwa adabu, aibu iko kwa wanaojua wakanyamaza. Mfuate mama huyo umuamkie kwanza, umuulize hali yake kwa vile umesema haonekani. Huenda ana jambo.

Binti_Magomeni:
Wakuu nimerudi, asanteni sana kila mmoja. Nilienda Jumamosi saa tatu na nusu kama nilivyoshauriwa, nikauliza mama yuko wapi, kumbe alikuwepo nyuma. Nikamuamkia shikamoo mama, akanikumbuka, akanishika mkono tukakaa. Nimegundua alikuwa anauguza mumewe, miezi miwili hii anashinda hospitali, mgahawa kamuachia kijana wa ndugu yake. Na mpishi wa supu kweli aliondoka, @Jiko_la_Nyuma umepatia kabisa, walipishana na huyo kijana kuhusu posho.

Nilimwambia yote, chumvi, chapati, na chenji. Nilikuwa natetemeka jamani. Akanyamaza kidogo afu akaita bakuli la supu, akaonja vijiko viwili, akasukuma bakuli pembeni. Hakugomba. Akasema mwanangu watu wangapi wameinywa hii wakaondoka wasinambie? Akafungua pochi yake mwenyewe akanipa elfu tano na mia tano, nikakataa akanikazia, akamuita yule mhudumu wakaenda kuongea nyuma, sijui waliyoongea na sikutaka kujua.

Leo Jumatatu nimepita. Chapati za moto kutoka kikaangoni, nimechana tabaka zimeachana. Supu bado haijawa ile, njano imepungua lakini nyama ngumu kidogo. Mhudumu kaniletea ndimu na pilipili bila kuuliza, kaniambia dada samahani kwa ile siku, nikamwambia yameisha. Mama yuko kaunta, kaniambia kesho niwahi kabla ya saa kumi na mbili na nusu nije nionje kabla hajaanza kuuza. Mumewe naye anaendelea vizuri, karudi nyumbani Ijumaa.

Jiko_la_Nyuma:
Alhamdulillah kwa mgonjwa. Kesho ukionja mwambie huyo mpishi mpya abandike saa nane, povu aengue mpaka liishe, na chumvi atie wakati mkaanga chapati anawasha moto, sio kabla.

Mpenda_Kongoro:
Dada ni sehemu gani hasa hapo Magomeni? Na kongoro wanapika?