Tupeane uzoefu: ugonjwa wa mlipuko ukiingia, mama na mtoto wanaumia wapi?

Wadau mlioko wodini na kliniki, wekeni mambo ya kazi hapa. Mlipuko ukitangazwa, wahudumu wote hukimbilia kwenye mahema ya wagonjwa wa mlipuko na kliniki ya wajawazito hubaki tupu. Kongo (DRC), Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200. Surua, nchini humo na karibu kipindi kilekile, iliua zaidi ya 6,000, wengi wao watoto. Na surua ina chanjo tangu miaka ya 1960!

Mkunga:
Kipindupindu kwa mjamzito, ogopeni upungufu wa maji. Presha ya mama ikishuka, damu ya kwenye kondo inapungua na mtoto anaweza kufia tumboni, hasa miezi mitatu ya mwisho. Mimba ikishakuwa kubwa, kubana ngozi ya tumbo ili kupima upungufu wa maji hakukwambii kitu, imeshavutika. Tazama mapigo, presha na mkojo. Akiwa hoi, dripu ya Ringer (maji ya chumvi ya mshipani) mililita 100 kwa kila kilo ya uzito: 30 ndani ya nusu saa, 70 ndani ya saa mbili na nusu. Glukozi 5% peke yake haifai, haina chumvi aliyoipoteza. Alale kiubavu, na mapigo ya mtoto yasikilizwe.

Wodi ya watoto:
Naongezea: hizo saa za dripu ni kuanzia umri wa mwaka mmoja. Chini ya hapo, 30 ndani ya saa 1, kisha 70 ndani ya saa 5. Ziwa haliachwi hata kidogo. Pakiti ya ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini) ya lita moja ichanganywe yote kwenye lita 1 kamili ya maji salama. Ukiigawa kwa kukadiria, chumvi inaweza kuzidi. Akitapika, subiri dakika 10, kisha kijiko kimoja kimoja. Zinki ni mg 20 kwa siku (mg 10 kwa aliye chini ya miezi 6), siku 10 hadi 14. Wengi huikatisha kuharisha kukikoma tu.

Chanjo:
Mlipuko wa surua, mtoto wa miezi 6 huweza kuchanjwa mapema. Hiyo iandikwe kwenye kadi kama dozi sifuri. Ikiandikwa ya kwanza, mtoto anapunjwa moja kati ya mbili anazostahili. Mwenye surua apewe vitamini A siku mbili mfululizo: yuniti 50,000 chini ya miezi 6, 100,000 miezi 6 hadi 11, na 200,000 kuanzia mwaka. Mjamzito hachanjwi surua, chanjo ina virusi hai.

Mkunga:
Na malaria haisubiri mlipuko uishe. SP, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, inywewe mbele ya mhudumu kuanzia wiki ya 13, dozi zikipishana angalau mwezi. Asiye na uhakika wa kliniki kufunguliwa apewe chandarua na vidonge vya damu vya miezi kadhaa. Ila foliki asidi ya mg 5 isiende na SP, inaipunguzia nguvu. Ya mg 0.4 haina shida. Anayetumia septrini (dawa ya kukinga maambukizi) kwa sababu ya VVU hapewi SP kabisa.