Wakuu, naomba ushauri kuhusu spindo zinazojilainisha zenyewe

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa mashine za kusokota uzi wa pamba hapa Dar. Spindo zetu, yaani vile vyuma vinavyozunguka kusokota uzi, ni za zamani, kila moja ina kikombe chake cha oili kwa chini, na zinazunguka zaidi ya mara 15,000 kwa dakika. Kwa joto hili na vumbi la pamba, oili inakuwa nyeusi mapema, beringi zinapiga kelele, uzi unakatika hovyo. Bosi anataka tufunge zinazojilainisha zenyewe ili tusisimamishe mashine kila mara. Aliyewahi kuzitumia, zinahimili mwendo huo? Na oili nyepesi ya VG 10 (VG ni kipimo cha uzito wa oili), kwenye maduka ya Gerezani hapa Dar naweza kupata ya uhakika? Ya injini msinishauri, nzito mno hiyo.