Ushauri wa haraka: mwanangu asaini timu ya besiboli au aende chuo?

Binti Kibosho
Habari za jioni wanajukwaa. Mimi ni msomaji wa kimya kimya humu, ila leo yamenifika shingoni.

Naishi Houston, kazi yangu ni kulea wazee majumbani, zamu za usiku. Nina kijana wa miaka 18, kamaliza sekondari mwezi wa tano. Tangu mdogo anacheza besiboli. Nafasi yake ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago usoni. Sasa kachaguliwa na timu ya ligi kuu raundi ya 27 ya mchujo, ule wa timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu, wanampa dola 60,000 za kusaini. Upande wa pili kuna chuo kimempa ufadhili wa nusu ada, nusu inayobaki ni mgongo wangu. Baba yake tulishaachana, msimtafute kwenye huu uzi.

Swali ni dogo: achukue hela au aende shule? Wanataka jibu kabla ya Alhamisi. Wenye kejeli naomba mpitilize.

Ngosha Mtulivu
Dola 60,000 unaomba ushauri? Hiyo ni kama milioni 150 za madafu. Viwanja Goba na bajaji mbili juu. Mwambie dogo asaini hata kwa dole gumba.

Mwalimu Mstaafu
Binti yangu, shikamoo huijui siku hizi, lakini nakujibu. Elimu kwanza. Mtoto wangu wa pili aliacha chuo mwaka wa kwanza akafuata muziki. Nilimwuzia ng'ombe wawili arekodi. Wimbo mmoja ulipigwa redioni, tena usiku wa manane, nikaamshwa na jirani niusikilize. Sasa hivi anauza vocha stendi na hatuongei vizuri. Nimesema.

Kidedea wa Buza
Besiboli si ndiyo ile rede ya wazungu? Kwetu anayewekwa nyuma ni yule asiyejua kurusha 😂

Kinyago cha Chuma
Kidedea umenichekesha ila umepotea. Nimecheza Dar, kwenye uwanja wa pale Azania ambao Wajapani walisaidia kuujenga. Nilipewa udakaji kwa sababu kila mtu aliukimbia. Mdakaji ndiye pekee anayeutazama uwanja wote, wenzake wote wanamtazama yeye. Ndiye anampa mrushaji ishara arushe mpira gani, ndiye anazuia unaodunda chini kwa kifua, na mpinzani akijaribu kuiba kituo cha pili, yaani kukikimbilia mpira ukiwa haujapigwa, kuanzia mpira ugonge glavu yako mpaka ufike kule una kama sekunde mbili tu. Unachuchumaa na kuinuka zaidi ya mara mia kwa mechi moja. Mpaka leo nikipanda daladala natafuta siti ya mbele ninyooshe goti. Na mimi sikulipwa hata soda.

Kijana wako nampa heshima zake.

Mzee wa Takwimu
Dada, niko Minnesota mwaka wa ishirini sasa, huu mchezo naufuata. Hiyo 60,000 usiihesabu nzima. Toa kodi, toa cha wakala. Halafu haendi ligi kuu, anaanzia ligi ndogo ngazi ya chini kabisa. Kwa makubaliano ya 2023, huko mshahara uliwekwa dola 19,800 kwa mwaka. Akipanda ngazi zote mpaka AAA, mlango wa mwisho kabla ya ligi kuu, ilikuwa 35,800. Malazi timu inatoa. Akivuka huo mlango ndiyo mambo yanabadilika: kima cha chini ligi kuu mwaka 2025 kilikuwa 760,000. Wengi hawavuki.

Ila wadakaji wana bahati yao. Timu kila siku zinawatafuta, hata wa akiba, kwa sababu kazi yenyewe inavunja watu. Erik Kratz alichaguliwa raundi ya 29 mwaka 2002, akafika ligi kuu 2010 ana miaka 30, na akaendelea kucheza mpaka 2020. Mike Piazza ndiyo kabisa, raundi ya 62 mwaka 1988, walimchukua kumridhisha rafiki wa baba yake. Leo yumo kwenye Ukumbi wa Heshima wa magwiji wa besiboli.

Mambo mawili. Muulize wakala kama mkataba una kipengele cha timu kumlipia chuo baadaye, hicho huombwa kabla ya kusaini. Pili, akienda chuo cha miaka minne, kwa kawaida anasubiri mpaka amalize mwaka wa tatu au afike miaka 21 ndiyo achaguliwe tena.

Na mimi nikuulize: Alhamisi kuna nini?

Binti Kibosho
Asante sana kaka Takwimu, wewe ndiye nilikuwa nakusubiri. Alhamisi ni vipimo vya daktari wa timu, kawaida tu.

Ngosha Mtulivu
Vipimo ni dakika kumi. Saini!

Nesi wa Zamu
Mdakaji, miaka 18, vipimo vya timu, na mama ana haraka. Dada, ana jeraha?

Binti Kibosho
Magoti yake mazima kabisa.

Nesi wa Zamu
Sijauliza magoti.

Mwalimu Mstaafu
Jibu swali, binti.

Binti Kibosho
Jamani. Msimu huu mpira uliparazwa na gongo ukampiga kwenye kinyago. Mara mbili. Ya kwanza alitikisa kichwa akaendelea. Ya pili alitapika usiku, na wiki nzima mwanga wa simu ulikuwa unamsumbua. Kliniki walisema ni mtikisiko wa ubongo, apumzike. Akapumzika, akarudi, akacheza vizuri tu, hata hao wa timu walimwona baada ya hapo wakampenda. Kwa hiyo nimemwambia Alhamisi asijitie kiherehere cha kusimulia asichoulizwa. Kuna kosa gani? Huyo ni mzima. Mnaotaka kunihukumu mjue nyumba ya mama yangu Kibosho imefika kwenye renta na fundi nimeshamwambia mwezi ujao anaendelea. Na wakala nilishamwambia sisi tupo tayari. Niliuliza hela au shule, sikuuliza habari ya kichwa.

Nesi wa Zamu
Kumbe ulishajibu, ulikuja kutafuta wa kukupigia makofi. Dada yangu, fomu ya daktari itauliza. Kichwa, kuzimia, kutapika, yote yamo. Hapo akinyamaza anadanganya kwa maandishi. Na kichwa kilichogongwa mara mbili kinaweza kugongwa mara ya tatu, na sidhani hiyo ya tatu itakuja taratibu kwa sababu wewe una fundi.

Mzee wa Takwimu
Aisee. Hapa kwetu Minnesota kila mtu anamjua Joe Mauer. Mdakaji, mtoto wa hapa hapa, mkataba wa dola milioni 184. Agosti 2013 mpira ulimgonga kinyago namna hiyo hiyo, mtikisiko wa ubongo, na udakaji ukaishia hapo. Wakamhamishia kulinda kituo cha kwanza. Alirudi kuchuchumaa mara moja tu, mechi yake ya mwisho 2018, akadaka mpira mmoja watu wakalia. Mike Matheny naye alistaafu mapema 2007 kwa hivyo hivyo. Hao walikuwa na madaktari wazuri na hela tayari benki. Wako ana miaka 18.

Mpelekeni kwa daktari wa neva kwanza. Timu ikimtaka kweli inaweza kumpa nafasi nyingine uwanjani.

Binti Kibosho
Nafasi nyingine hawamtaki! Mkono wake na kichwa chake cha kusoma mchezo ndivyo wanavyolipia. Kituo cha kwanza wanataka majitu ya kupiga mipira mbali, yeye hana mwili huo.

Kidedea wa Buza
"Kichwa chake ndicho wanacholipia." Mama kasema mwenyewe 🙆🏾

Afande Mstaarabu
Wakuu tulieni. Mimi nanusa chai hapa. Mchujo wa besiboli Marekani tangu 2021 una raundi 20 TU. Mpaka 2019 zilikuwa 40, mwaka wa korona zikawa 5. Huyo aliyechaguliwa raundi ya 27 mwaka huu alichaguliwa na nani, Tume ya Uchaguzi? Na mtaalamu wa takwimu kapita hapo hapo kaacha. Nyie wawili ni mtu mmoja.

Ngosha Mtulivu
Dah. Nilishaanza kumpigia hesabu za viwanja. Chai ya maziwa hii.

Mr Vitumbua
Uzi wa Jumapili jioni huu. Mleta mada ni dume la miaka 40 liko Tandika linatunga. Weka picha ya mkataba, funika majina.

Mzee wa Takwimu
Afande, raundi 20 ni kweli na ilinipita, nilikuwa nawaza habari za akina Kratz. Mimi na mleta mada hatujuani. Ila dada hilo lieleze.

Binti Kibosho
27 nimeambiwa na mjomba wake, yeye ndiye alikuwa anafuatilia kwenye simu mimi nikiwa kazini nageuza mgonjwa. Nimemwamsha sasa hivi. Anasema 27 ni namba ya jezi aliyoahidiwa. Mtoto hakuitwa kwenye mchujo wowote. Ulivyoisha, kesho yake walimpigia simu. Mkataba siweki, ningekuwa natunga ningetunga hela nyingi zaidi.

Mzee wa Takwimu
Hiyo sasa inaingia akilini. Wasiochaguliwa husainishwa baada ya mchujo, na mpaka dola 150,000 timu haikatwi kwenye fungu lake la kuwalipa wa mchujo. 60,000 inawezekana. Ila ona: kama hajachaguliwa, hafungwi na timu moja. Nyingine inaweza kupiga simu. Hiyo presha ya Alhamisi ni yao zaidi kuliko yenu.

Afande Mstaarabu
Namba ya jezi 😂 Sawa, nusu chai. Nabaki kwenye siti yangu.

Muganda wa Wakiso
Nami natoka upande wa jirani. Kwetu kuna Dennis Kasumba, mdakaji, alijulikana kwa video za mazoezi akitumia matairi na matofali. 2023 alienda Marekani kucheza na timu ya Frederick Keys kule Maryland. Yatima yule, hakuwa na mama wa kumjazia fomu. Huyu wako anaye. Mwacheni kijana aongee, mbona hajaulizwa hata mara moja hapa?

Nesi wa Zamu
Swali zuri. Yeye anasemaje?

Binti Kibosho
Yeye anataka kucheza. Kichwa kikimwuma hasemi, namjua kwa jinsi anavyozima taa. Nimempa fomu aijaze mwenyewe kwa mkono wake, mimi sitasimama nyuma yake. Zaidi ya hapo msiniulize, naingia zamu.

Nesi wa Zamu
Umemwambia aandike yote, au umempa fomu tu?

Nesi wa Zamu
Dada?

Mr Vitumbua
Kaingia zamu. Mnaoishi Houston, hiyo kazi ya kulea wazee bado wanachukua watu? Nina cheti cha VETA cha umeme lakini nina moyo wa huruma.