Familia Chumbageni 🏠

[19:04] Shangazi Mwana: Asalaam alaikum. Jogoo kamrukia tena mtoto wa Zai. Kipi, ule mwiba wa mguuni, kimemchoma chini kidogo ya jicho. Zahanati wamemwosha kidonda na sindano ya pepopunda kachomwa. Nataka tuamue leo leo

[19:06] Zai: Waalaikum salaam. Kalala sasa. Ahsante shangazi

[19:31] Shangazi Mwana: Watu 14 mmesoma, kajibu mmoja

[19:33] Baba Rama: Pole sana mwanangu Zai. Kuchi huyo, ugomvi anao kwenye damu

[19:34] Idi: Mimi naleta mchele 😂

[19:34] Hamisi: Nazi juu yangu

[19:35] Shangazi Mwana: Idi, mtoto angepofuka

[19:36] Idi: Samahani shangazi

[19:41] Baba Rama: Dada, kabla ya kisu. Alipokuwa pora si mlikuwa mnambeba? Kufika miezi sita ndiyo kabadilika. Na pale mna majogoo wawili kwa mitetea mitatu. Jogoo mmoja anataka mitetea nane mpaka kumi. Mmoja lazima atoke

[19:43] Shangazi Mwana: Na watoto wanamkimbia. Ukimkimbia keshashinda, ukimpiga teke ndiyo umemwita mpigane. Simama, msogelee taratibu, ungo mbele ya miguu. Mimi humkamata nikamtia kwapani mpaka atulie, ndiyo namshusha. Hanigusi

[19:44] Hamisi: Shangazi hata sisi hatukugusi 😅

[19:50] Zai: Mtoto wa miaka minne atashika ungo shangazi?

[19:52] Baba Rama: Kweli. Vipi vyake tunaweza kuvikata ncha tu tukasugua na tupa, ndani kuna mfupa na damu. Ila bila banda ni kazi bure

[19:53] Shangazi Mwana: Banda! Mbao si tulichanga? Zimeishia wapi?

[19:54] Hamisi: Hayo yaliisha mbele ya Mzee

[19:55] Shangazi Mwana: Yaliisha kwako

[20:20] Mwanaisha: Bibi kaniambia niandike hivi hivi. "Baba yake huyo jogoo aliletwa na babu yenu mwaka ule aliotuacha. Nikimsikia alfajiri namkumbuka. Lakini damu ya mtoto imemwagika uani kwangu na nyinyi mnataja nazi. Hamisi, mbao unazijua zilipo."

[20:48] Hamisi: Nimesikia Bibi

[20:50] Shangazi Mwana: Tumesikia mama. Jumamosi asubuhi basi. Hamisi mbao, Baba Rama wavu. Mpaka siku hiyo jogoo afunikwe tenga, na mtoto asitoke uani bila mtu mzima. Yule jogoo wa pili anachukuliwa na nani?

[20:52] Baba Rama: Jumamosi niko Muheza. Jumapili naweza

[20:53] Zai: Mimi hata akifungiwa sitaki kumwona. Nasema kwa heshima ya Bibi

[21:10] Shangazi Mwana: Nimeuliza jogoo wa pili

[22:17] Baba Idi: Jamani ndiyo nashika simu sasa. Nani kaumia?