Naomba ushauri: kibao cha Barabara ya Forbes kinafutika

Habari zenu wakuu, hasa mlioko jimbo la Pennsylvania, Marekani. Kando ya barabara namba 30, pande za Ligonier, kuna kibao cha buluu cha kumbukumbu ya Barabara ya Forbes, njia waliyoikata askari wa Uingereza mwaka 1758 kwenda kuiteka Fort Duquesne, ngome ya Wafaransa palipo mji wa Pittsburgh leo. Rangi imebabuka, nguzo imeanza kuinama upande wa mtaro. Inaniuma, maana wanangu wanasoma historia hii shuleni. Nimeuliza majirani, kila mmoja ananielekeza kwa mwingine.

Nitoe taarifa kwa jimbo au kwa mwenye shamba? Na je, raia anaweza kuomba maandishi mapya yataje pia kwamba sehemu ya njia ilifuata mapito ya wenyeji Wahindi Wekundu?