Mimi ni AB: plazma yangu inamfaa nani?

Baraka wa Himbi
Jamani wa Goma, mwenye kujua anieleze. Dada yangu alijifungua majuzi, akatokwa na damu nyingi, familia tukaombwa kutoa. Nilipopimwa nikaonekana kundi langu la damu ni AB chanya. Mjomba akaniambia, «Damu ya AB inafaa AB mwenzake tu, kaa.» Dada amepona, Mungu ni mwema. Lakini sasa nasikia plazma ya AB, yale maji ya manjano ya damu, anapewa mtu yeyote. Ni kweli? Na inatolewaje?

Labo Katindo
Pole kwa dada, mdogo wangu. Mjomba amesema kweli kwa upande wa chembe nyekundu. Kwenye plazma mambo yanageuka. Plazma ya mtu wa O imebeba kingamwili, yaani askari wa damu, za kupigana na A na B; yako haina hata moja, kwa hiyo mgonjwa wa kundi lolote anaipokea. Na watu wa AB ni wachache. Usikae!

Unatoa damu kama kawaida, mililita 450 hivi. Sisi wa labo (maabara) tunauzungusha mfuko kwenye santrifuji, mashine ya kuzungusha kwa kasi: chembe zinashuka chini, juu inabaki plazma ya manjano, kama juisi ya marakuja. Tunaukamua taratibu mpaka ile ya manjano ihamie mfuko wa pili, tunaufunga, tunaugandisha kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi. Hapo unakaa hata mwaka mzima. Ila umeme ukikatika na jenereta isiwake, plazma ikayeyuka, hairudishwi tena kwenye friza. Ndiyo maana hospitali isiyo na vyombo hivi inampa mgonjwa damu nzima.

Kuna pia mashine inayochukua plazma peke yake na kukurudishia chembe zako mkononi palepale. Marekani na Ujerumani wanaitumia sana, viwanda vyao vinatengeneza humo dawa za hemofilia (ugonjwa wa damu kutoganda), albumini (protini ya damu) na kingamwili.

Kwa mama anayetokwa damu, shida si chembe tu. Protini za kugandisha nazo zinakwisha. Daktari anatia damu ya mama kidogo kwenye kichupa cha kioo, anangoja dakika 7, anakiinamisha. Ikitiririka bado, mama huyo anahitaji plazma haraka, maana kumwongezea chembe peke yake hakutaifunga damu. Nimeviona vichupa hivyo. Vinaniumiza kila mara.

Mama Neema, Majengo
Aksanti baba. Na wakati wa Ebola, si walisema damu ya waliopona ni dawa?

Labo Katindo
Ndiyo, mama. Katika mji wetu wa Kikwit mwaka 1995 wagonjwa 8 wa Ebola walipewa damu ya waliopona, 7 wakaishi. Haikutosha kuthibitisha, kwa sababu walihudumiwa vizuri pia, na plazma ilipojaribiwa Guinea mwaka 2015 haikuonyesha faida ya wazi. Lakini kingamwili ya mtu mmoja aliyepona Kikwit ndiyo iliyozaa dawa ya Ebola iitwayo Ebanga, ambayo Profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, na wenzake waliijaribu huku kwetu Kivu mwaka 2018 na 2019. Ilisaidia kweli.

Baraka wa Himbi
Basi nakwenda. Nijiandae vipi?

Labo Katindo
Uwe umefikisha miaka 18 na kilo 50. Kula kwanza, kunywa maji mengi. Kama ulikuwa na homa au unameza dawa ya malaria, waambie kabla ya sindano, watakupangia siku nyingine. Maji ya plazma mwili unayarudisha kwa siku moja au mbili. Chembe zinachukua wiki kadhaa, kwa hiyo mwanaume anangoja miezi 3 kabla ya kutoa tena, mwanamke 4.